Kompyuta ya gemu: ununue iliyoundwa tayari ama ujiundie? Kwanza niambie pawa saplai ni gani

Nianze na harufu. Kama hujawahi kunusa pawa saplai, lile sanduku linalogawa stima ndani ya kompyuta, ikiungua, ni kama omena imesahaulika kwa sufuria halafu mtu akatupia plastiki juu. Ilikuwa Jumapili jioni, ndugu yangu mdogo anacheza FC, ile gemu ya mpira, dakika za lala salama, stima ikapepesa. Haikupotea hata, taa ya sebule ilififia tu ikarudi, na ile kompyuta yangu ya elfu hamsini na mbili ikasema paa! ikanyamaza. Wiki tano tangu niitoe mjini nikiwa nimeipakata kwa matatu, na kondakta akanilipisha viti viwili.

Tangu nisimulie hiyo stori naulizwa swali moja kila siku: sasa ninunue iliyoundwa tayari ama nijiundie? Wengine wanakuja na vilio vyao, kuna kijana wa Rongai kadi yake ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ilikuwa inalishwa stima na kiadapta fulani kikayeyuka hadi kikashikana na waya, kuna dada wa Donholm kompyuta yake inazima kila akifungua gemu ya GTA na fundi amemuwekea Windows upya mara tatu, mara tatu jameni, kila mara anamlipisha. Kwa hivyo nimekaa chini niandike hii mara moja, nikiulizwa tena natuma tu.

Na niseme mapema, mambo ya prosesa (ule ubongo wa kompyuta) kuwa i5 ama i7, RAM yani memori ngapi, SSD ama hard disk, sitayagusa sana. Hayo hata askari wa mlangoni atakueleza. Mimi niko na kitu kimoja na nitakirudia mpaka unichoke: pawa saplai, lile sanduku la chuma huko nyuma, linaloingia waya wa stima. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kulitaja mbele yangu bila kuulizwa.

Ile yangu ilipokufa niliifungua mwenyewe. Skrubu nne tu kwa mgongo wa boksi, ukizitoa inateleza inatoka. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni uzito, ilikuwa nyepesi kuliko pakiti ya unga ya kilo moja, unaishika unajiuliza ndani kuna nini. Ubavuni kuna stika imeandikwa 600W kwa herufi kubwa kama bango la mganga. Lakini chini ya hiyo 600W kuna kijijedwali kidogo, namba ndogo ndogo, na hapo ndo ukweli ulijificha. Tafuta palipoandikwa +12V, laini ya volti 12, manake kadi ya grafiki na prosesa zinakula karibu stima yao yote kwa hiyo laini. Yangu ilikuwa imeandikwa 20A, yani ampia 20. Wati ni volti mara ampia, sasa chukua 12 zidisha kwa 20. Ni 240. Yani ile sanduku ya wati 600, kwa laini yenye maana ilikuwa na wati 240, na hiyo ni kama hata stika yenyewe inasema ukweli.

Na walikuwa wamenifungia kadi gani? RX 580, ambayo peke yake inakula kama wati 185. Prosesa 65. Tayari tuko 250 na bado hatujahesabu feni, diski na zile taa za rangi zilizonivutia dukani kama nondo. Hesabu ya shule ya msingi hiyo, na mtu akanitazama machoni akachukua pesa.

Linganisha na Corsair CX550. Kwa jedwali lake +12V imeandikwa 45.8A, zidisha kwa 12 unapata karibu 550 yote. Ndivyo pawa saplai ya heshima inavyokuwa, namba kubwa ya juu na namba ndogo ya chini zinakubaliana. Na ndio, napendelea Corsair, sifichi, na hakuna mtu amenilipa, ningelipwa ningekuwa nimeshahama hii nyumba. Inakuja na waranti ya miaka mitano. Seasonic pia ni nzuri sana, labda hata zaidi, lakini kuipata hapa mjini ni mpaka uzunguke viatu viishe. Cooler Master MWE sina ugomvi nayo.

Kuna wale watakwambia "angalia tu 80 Plus." Polepole. Hiyo 80 Plus inapima ni stima kiasi gani inatumika na ni kiasi gani inapotea kama joto, basi. Bronze, Gold, zote ni mambo ya kupoteza kidogo ama sana. Haikuambii kama kuna kinga ya ndani ya kuzima mambo yakiharibika, na mtu yeyote mwenye printa anaweza kubandika stika. Soma jedwali.

Na hapa Nairobi hii kitu inauma kuliko kwingine kwa sababu unajua stima yetu. Kwa karatasi ni volti 240, kwa soketi ni hadithi nyingine, inashuka majirani wakiwasha vitu vyao jioni, inapotea, halafu ikirudi inarudi na hasira. Friji tumeinunulia gadi, ile inayongoja dakika kadhaa kabla ya kupitisha stima, lakini kompyuta ya bei mara mbili ya friji tunaichomeka kwa ekstenshoni ya mia tatu. Nimejiweka hapo pia, hata mimi nilikuwa hivyo. UPS, ile ya betri inayoshikilia stima ikipotea, ni nzuri lakini angalia wati, sio VA, zile ndogo za 650VA mara nyingi haziwezi hata wati 400, sasa ukiweka na monita na gemu nzito, stima ikipotea nayo inapiga kelele na kuzima papo hapo.

Halafu kama pawa saplai ni ya zamani, haswa zile zilizotoka Marekani, angalia kama kuna kaswichi kekundu nyuma kameandikwa 115 na 230. Ukiichomeka hapa ikiwa kwa 115, hutahitaji kunisoma tena, utainusa mwenyewe.

Sawa, sasa orodha yangu, kutoka ile naipenda mpaka ile sitaki kuiona.

Namba moja, jiundie. Najua unaogopa, hata mimi niliogopa. Niliunda yangu ya sasa kwa meza ya kulia chakula, masaa matano, na saa nzima kati ya hayo ilikuwa ni kulia, manake niliwasha, feni zote zikazunguka vizuri, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi tii. Nikatoa RAM nikarudisha, nikatoa kadi nikarudisha, nikaomba. Kumbe kuna kebo ya prosesa, ile ya pini nane inayoingia juu kabisa kona ya madabodi (ile bodi kubwa inayobeba kila kitu), nilikuwa nimeisahau na imejificha nyuma ya feni. Nikachomeka, ikawaka. Kwa hivyo ukikwama na skrini nyeusi anza hapo. Yangu ni Ryzen 5 5600, kadi ni RX 6600 ya mtumba, na hiyo CX550. Prosesa 65, kadi 132, na vitu vingine vidogo vidogo, naweza kucheza mpaka usiku wa manane na sanduku halitoi jasho. Kumbuka tu hiyo 5600 haina grafiki yake ya ndani, kwa hivyo kebo ya monita inaingia kwa kadi, sio kwa madabodi.

Kadi nunua ya mtumba kama pesa ni kidogo, sina shida na hilo, baada ya Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, kuacha kuchimbwa kwa kadi mwaka 2022 zilimwagika sokoni na nyingi bado ni nzima. Lakini usiilipie kabla ya kuiona ikifanya kazi kwa gemu halisi, dakika kumi na tano angalau, na waweke programu ya GPU-Z uone jina, kuna kadi za kale kabisa zilizochezewa programu ya ndani zikajiita GTX 1050 Ti. Pawa saplai ya mtumba? Hapana. Hata kama ni Corsair, hata kama anayeuza ni binamu yako. Hujui imepigwa na stima mara ngapi.

Namba mbili, duka likuundie kwa orodha yako. Hii ndo nashauri wengi wenu wasiotaka kushika bisibisi. Unaenda na karatasi, umeandika kila kitu kwa jina kamili, na pawa saplai unaiandika ya kwanza juu kabisa na unaizungushia duara. Usiandike "550W", andika jina. Ukiandika wati tu watakuwekea ile ya stika. Na uwe pale wakifunga, ama uitishe maboksi yote matupu, boksi tupu ndo ushahidi wako na ndo waranti yako. Mtu akikwambia maboksi yametupwa, jua kuna kitu kimetupwa pamoja nayo.

Namba tatu, mpya ya kampuni kubwa, imefungwa kiwandani. Kwa kawaida pawa saplai zake sio za kukuunguza, hilo nawapa. Shida yangu ni vipimo vyao vya kipekee. Kama kompyuta za Alienware Aurora za Dell, kwa miaka mingi zimekuja na madabodi ya umbo la Dell wenyewe, huwezi kuitoa ukaiweka kwa boksi lingine. Miaka miwili mbele sehemu moja ikifa unabaki kutafuta hiyo hiyo, na hapa utaitafuta wapi? Unalipa pesa nyingi kununua pingu. Kama ofisi ndo inalipa, chukua.

Ya mwisho, zile za ofisi, ex-UK yani mtumba wa Uingereza, zimechomekwa kadi. Fupi tu. Hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk ni mashine nzuri za kazi ya ofisi, lakini pawa saplai yake imepimiwa ofisi, na huwezi kuibadilisha kirahisi, OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini nane kwa madabodi na EliteDesk 800 G1 pini sita, wakati za kawaida ni pini 24. Ukilazimika, chukua tower, sio ile nyembamba, na uweke kadi isiyo na plagi yake ya stima, kama GTX 1650 zile za wati 75, inayokula kutoka kwa madabodi tu. Ukiona kiadapta kutoka plagi ya diski ya SATA kwenda kwa kadi, toka hapo, hiyo plagi moja haijaundwa kubeba zaidi ya wati 54. Ndo hiyo ya kijana wa Rongai. Na i5 wanayokwambia ni ya kizazi cha nne, Windows 11 inataka cha nane kwenda juu. Tumemaliza.

Sasa niruhusuni nilalamike kidogo. Hii tabia ya kuweka picha ya kompyuta na chini yake "bei ni inbox" ilianza lini na nani aliwaambia inapendeza? Ukiingia inbox wanakuuliza uko wapi na bajeti yako ni ngapi, halafu kwa miujiza bei inakuwa ni bajeti yako kuongeza elfu tatu. Ukienda dukani mwenyewe, na wewe ni mwanamke, "madam ni ya mtoto?" La, ni yangu, na nitakushinda. Mimi niliporudi na ile maiti yangu nilioneshwa risiti, imeandikwa kwa chini kabisa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na waranti ya siku saba, eti nimeiunguza na stima ya kwangu. Stima ya kwangu! Kwani wao dukani wanatumia ya wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, nikamsomea hapo hapo kwa simu, akaendelea kufunga kompyuta ya mtu mwingine.

Na RAM msiniulize. Viwanda vinapeleka memori kwa mashine za AI, sisi tunabaki kupigania makombo, na juu ya makombo kuna VAT ya asilimia 16. Nilikuwa niongeze ziwe GB 32, nimeacha. Sehemu zile mbili zitakaa tupu zikiniangalia. Lakini hata hivyo, ukibanwa na bajeti, punguza kwingine kote, chukua RAM GB 16 ya kawaida, chukua boksi bovu lisilo na kioo, usitoe kwa pawa saplai.

Juzi kuna msomaji amepata kompyuta moja ya elfu sitini na tano, akili yake yote imeshahamia huko, akaniomba nimuulizie. Nikamwandikia muuzaji, salamu ndugu, naomba picha ya stika ya pawa saplai, ile ya ubavuni yenye namba. Akajibu, "iko poa madam, ni 700W." Nikasema sawa, naomba picha ya stika. Kimya kama nusu saa. Halafu picha ikaingia. Ni ya feni tatu, zinawaka zambarau.