Uzoefu wangu: kununua boti iliyotumika Uingereza na kuifikisha bwawa la Nyumba ya Mungu

Familia yetu hapa Moshi husafirisha wageni na mizigo katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na boti ya mbao tuliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Tulihitaji boti ya faiba ya futi 16 yenye mashine ya HP 40. Bei tulizotajiwa Dar es Salaam zilikaribia mara mbili ya zile nilizoziona kwa boti za aina hiyo kusini mwa Uingereza, hasa kuanzia Septemba, wakati wamiliki wengi wa kule wanapotaka kuuza ili wasilipie maegesho ya majira ya baridi. Mimi ninaridhika na ununuzi huu, lakini wengi wanaoniuliza huishia kwenye bei ya boti, na kwetu gharama za kuifikisha nyumbani zilizidi bei hiyo yenyewe.

Jambo lililoamua kila kitu ni vipimo vya kontena. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa takriban mita 5.9, na mlango wake una upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28 hivi. Boti ya futi 16 yenye ubavu wa mita mbili huingia ikiwa juu ya trela yake, mradi kioo cha mbele kifunguliwe, mashine ishushwe na petroli yote imwagwe. Ikizidi upana huo, italazimika kusafiri kwa namna nyingine iliyo ghali zaidi, na faida ya bei itakuwa imeliwa kabla meli haijang'oa nanga. Kwa hiyo nilizikataa boti kadhaa nzuri kwa sababu ya sentimita chache tu.

Huduma ninayoisifu kuliko zote ni ile ya mkaguzi binafsi wa vyombo vya majini, ambaye nilimlipa mwenyewe bila kumhusisha muuzaji. Alinitumia video akigonga boti kwa nyundo ndogo ya plastiki kutoka omo hadi tezi: mahali penye faiba nzima sauti ilikuwa kavu na kali, ila karibu na boliti za mashine, kwenye ubao wa tezi, ilisikika nzito na ya kufifia. Kipimo cha unyevu kikathibitisha kwamba maji yalikuwa yameanza kupenya ndani ya mbao iliyofunikwa na faiba. Alitazama pia sehemu ya boti inayokaa chini ya usawa wa maji kama faiba ina malengelenge, akapima mgandamizo wa kila silinda, kwa kuwa silinda zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 huwa ni dalili ya mashine inayoelekea kufa. Silinda zilikuwa sawa. Muuzaji alipunguza bei kwa kiasi kilichotosha kubadilisha ubao ule, nasi tukaubadilisha kule kule kabla ya kupakia.

Kuhusu hati, inafaa kujua kwamba cheti cha SSR, yaani daftari la vyombo vidogo la Uingereza, hakithibitishi umiliki. Dai mkataba wa mauziano uliosainiwa, risiti za awali, na namba ya chombo iliyochongwa nyuma upande wa kulia, kisha hakikisha zote zinalingana.

Aliyezoea kuagiza gari Japani hufungua kikokotoo cha TRA na kuona kodi yake papo hapo. Kwa boti, hesabu huanzia kwenye bei, bima na nauli ya meli hadi bandarini; ushuru wa forodha hutozwa juu ya jumla hiyo, na VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, ndiyo maana nauli kubwa huongeza kodi pia. Wakala wa forodha niliyempata Dar es Salaam alinisikitisha sana: alichelewa kuwasilisha hati za shehena nilizokuwa nimemtumia mapema, na gharama za kuhifadhi kontena zikawa zangu. Muulize wakala kwa maandishi nani atalipa akichelewa. Baada ya hapo boti ilivutwa kwa trela kupitia Chalinze, Segera na Same, na usajili pamoja na ukaguzi wa usalama ukafanyika TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini.

Boti iliyotoka baharini huja na vipande vya zinki vinavyolinda chuma cha mashine kisiliwe na kutu. Katika maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kama ya Nyumba ya Mungu, zinki hufunikwa na utando na kuacha kufanya kazi, kwa hiyo tulifunga vya alumini kabla ya kuishusha majini. Vipuri ndivyo vinavyonipa shaka: mashine nyingi zilizotumika za Uingereza ni za kisasa, zisizochanganyiwa oili kwenye petroli, ilhali mafundi na maduka yetu yamezoea zile za zamani za kuchanganya. Niliagiza pampu ya maji ya akiba, plagi na vichujio viingie katika kontena hilo hilo, na kwa boti ya ukubwa huu ningerudia ununuzi wa namna hii. Kwa anayetaka boti pana ya kubeba abiria wengi, ningemwambia atafute fundi wa faiba wa kumuundia Dar es Salaam au Tanga.