Visafisha hewa kwenye vyumba vya watoto wadogo: uzoefu wangu

Ninaendesha kituo cha kulelea watoto, na tangu tuweke visafisha hewa vyumbani, yaani mashine za feni na chujio zinazovuta hewa na kuisafisha, wazazi na walezi wenzangu huniuliza jambo moja: je, vinasaidia kweli? Vinasaidia, tena sana, lakini kwa sharti kwamba viwe vinafanya kazi wakati watoto wamelala.

Usingizi wa mchana ndio saa mbaya kuliko zote. Magodoro yamepangwa karibu karibu, madirisha yamefungwa ili kelele za nje zisiwaamshe, na watoto wote wanavuta hewa ile ile kwa muda mrefu. Mwenye mafua akiwa katikati yao, anawapumulia wenzake. Na saa hiyo hiyo ndipo mlezi anapoipunguza mashine kwa sababu inanguruma.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mashine yetu ya kwanza. Boksi liliandikwa kwamba inatoa mita za ujazo 400 za hewa safi kwa saa. Chumba chetu kina mita 5 kwa 6, na dari iko mita 2.7 juu, kwa hiyo ni mita za ujazo 81. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, tangu mwaka 2023 inashauri hewa ya chumba ibadilishwe au isafishwe angalau mara 5 kwa saa, yaani kwetu mita za ujazo 405. Kwa hesabu hiyo mashine moja ilionekana karibu inatosha. Kumbe namba ya kwenye boksi hupimwa mashine ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa, na kwa kasi hiyo husikii mtoto anayekohoa pembeni ya chumba. Ukiishusha hadi kasi ya usiku, hewa inayosafishwa inabaki sehemu ndogo tu ya ile iliyoahidiwa.

Tuliongeza ya pili, ya aina ile ile, na sasa zote mbili zinakaa kasi ya kati kuanzia asubuhi mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Zinavuma kama feni ya kawaida na watoto wanalala vizuri. Nikishauri mtu leo, namwambia anunue mbili za wastani aziendeshe bila kuzizima, badala ya moja kubwa itakayozimwa kila siku baada ya chakula cha mchana.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi ni kuhusu ile hali ya kujiendesha yenyewe. Sensa ya mashine nyingi hupima vumbi na moshi, haijui virusi. Chumba kinaweza kujaa watoto wanaokohoa, na taa ya mashine ikawaka kijani ikisema hewa ni safi, huku feni ikizunguka polepole. Sisi tunachagua kasi wenyewe, kisha tunafunga vitufe ili vidole vidogo visibadilishe chochote.

Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, virusi ni vidogo mno, chujio litavizuia vipi?" Ni swali zuri. Chujio la HEPA, yaani chujio la nyuzi laini zilizosongamana, hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na huo ndio ukubwa mgumu zaidi kunaswa. Chembe ndogo kuliko hapo huyumbayumba hewani mpaka zigonge nyuzi za chujio, kwa hiyo hunaswa kwa urahisi zaidi. Isitoshe, virusi hutoka mdomoni vikiwa ndani ya matone ya mate na kamasi, si vyenyewe vitupu.

Kila wiki nafungua kifuniko cha nyuma. Wavu wa nje huwa umefunikwa na utando wa kijivu wa vumbi, nywele na manyoya ya mablanketi, mzito kiasi cha kuubandua kwa kucha kama kitambaa. Huo naufuta. Chujio la ndani siligusi kwa maji, maana likilowa linaharibika. Mashine zenyewe tumeziweka mbali na mapazia, waya umepita nyuma ya kabati, na mdomo wa kutolea hewa hauelekei usoni mwa mtoto.

Mashine zetu zina kitufe cha ayoni, yaani cha kutoa hewani chembe zenye chaji ya umeme, nasi hatukiwashi. Vifaa vya namna hiyo vinaweza kutoa gesi ya ozoni, na ozoni huwasha mapafu. Sioni sababu ya kuipeleka karibu na mtoto mwenye pumu.

Kuhara hakujapungua kwetu, wala sikutarajia kupungue. Magonjwa yale hupita mikononi, kwenye nepi na kwenye midoli inayotiwa mdomoni, na dawa yake ni sabuni na maji. Madirisha pia tunayafungua watoto wakiwa nje wanacheza, kwa sababu chujio haliondoi kaboni dayoksaidi. Na kwa surua, ambayo virusi vyake vinaweza kukaa hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, bado namtaka kila mzazi alete kadi ya chanjo.

Ila mafua na kikohozi, hapo nimeona tofauti. Zamani mmoja akianza, chumba kizima kilifuata, pamoja na walezi. Sasa mara nyingi wanaishia kuugua wachache. Najua pia tumezidisha kunawa mikono, kwa hiyo sifa zote siipi mashine. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Helsinki walitoa matokeo ya awali kutoka vituo vya watoto vya mji huo: palipowekwa visafisha hewa, magonjwa yalipungua kwa takriban asilimia 30. Nilipoyasoma sikushangaa.

Kabla ya kulipia, uliza kama machujio ya akiba ya mashine hiyo yanapatikana na yanabadilishwa kila baada ya muda gani. Muuzaji akisitasita hapo, tafuta aina nyingine.