Deli Lipi Lifae Kubebea Samaki na Nyama ya Mawindo Safari Ndefu

Kabla ya safari ndefu ya kuwinda na kuvua, wengi huanza kununua fimbo mpya, darubini au taa za gari. Mimi nasema anza na deli la barafu. Fimbo ikikatika utaazima ya mwenzako. Nyama ikiharibika kilomita 600 kutoka nyumbani hakuna wa kukuazima, na mnyama uliyemuua amekufa bure. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilijifunza kwa samaki. Tulikuwa tunarudi kutoka ziwani, siku mbili njiani, deli jipya kabisa na barafu tele. Usiku wa pili nikafungua: barafu imekwisha, samaki wanaelea kwenye maji ya uvuguvugu yenye rangi ya damu. Nikambonyeza mmoja ubavuni, alama ya kidole ikabaki palepale. Matamvua yalikuwa yamegeuka kahawia. Tuliwazika wote kando ya njia. Barafu haikuwa na kosa. Mpira wa mfuniko haukukaa vizuri upande mmoja, na kutwa nzima joto lilikuwa linapenya hapo bila sisi kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, hesabu saa: tangu samaki anatoka majini au mnyama anaanguka, hadi friza ya nyumbani. Hesabu na siku za kambini. Jibu hilo ndilo litakalokuchagulia.

Namba moja: deli zito la plastiki nene

Hili ndilo chaguo langu kwa safari ya siku mbili hadi tano. Ganda lake humiminwa kipande kimoja, na ndani ya kuta na mfuniko kuna povu nene la kuzuia joto. Halitegemei umeme wala betri, hata gari likiharibika njiani.

Kinachopoza ni barafu yenyewe. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Kazi ya deli ni kuhakikisha joto hilo linatoka kwenye samaki wako, si kwenye jua la nje.

Likague palepale dukani. Weka kipande cha karatasi ukingoni, funga mfuniko, kisha kivute. Kikichomoka bila kukaza, mpira haushiki. Rudia pande zote nne, hasa karibu na bawaba. Gonga mfuniko kwa kidole: ukisikia mlio wa kopo tupu, hauna povu, na lebo ikuambie lolote, liache. Angalia kama kizibo cha kutolea maji ni cha kukaza kwa kuzungusha. Halafu linyanyue. La lita 60 likijaa mzigo na barafu linaweza kupita kilo 60, kwa hiyo vishikio viwe vya kubebwa na watu wawili.

Namba mbili: friji ya gari yenye kompresa

Kwa safari ya wiki nzima hii, yenye mtambo wa kubana gesi ya kupoza (kompresa) kama friji ya nyumbani, inalishinda deli, maana hugandisha kabisa na wewe huna haja ya kutafuta barafu. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei na kwa sababu ya betri. Ikiwa inavuta wati 50 kwenye volti 12, ni kama ampea 4. Ikiwaka nusu ya muda, kwa siku itakula karibu ampea-saa (Ah) 48, kipimo cha chaji ya betri. Betri ya kawaida ya asidi yenye Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo gari likisimama una siku moja tu. Nunua ile inayojizima yenyewe betri inaposhuka, na uifungie betri ya pili, usitegemee ile ya kuwashia gari.

Namba tatu: deli la kawaida la kuta nyembamba

Kwa safari ya siku moja linatosha. Lifunike blanketi, liweke kivulini, na usilifungue ovyo.

Boksi la stairofomu huzuia joto vizuri kuliko linavyoonekana, lakini barabara mbovu hulivunja. Litie ndani ya kitu kigumu.

Ya mwisho: friji ndogo isiyo na kompresa

Hii huchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, na hushusha joto takriban nyuzi 20 tu chini ya lile la hewa iliyoizunguka. Ndani ya gari lenye nyuzi 40 utabaki na nyuzi 20, wakati samaki anataka kuwa karibu na 0. Ni ya soda. Usiitie mawindo.

Mawili ya wastani kuliko moja kubwa

Samaki na nyama visikae pamoja. Samaki mtoe damu na utumbo mara moja, mzike kwenye barafu iliyopondwa na uchuje maji. Jodari na vibua wasichelewe hata kidogo: wakipata joto hutengeneza sumu ya histamini, na hiyo haiondoki kwa kupika wala kugandisha. Nyama yenyewe haitaki kulowa, ifunge kwenye mifuko na uweke mabonge makubwa ya barafu, maana huyeyuka polepole. Kadiria kilo mbili za barafu kwa kila kilo ya mzigo, na upoze deli kwa barafu usiku mmoja kabla.

Ukitumia barafu kavu, fungua madirisha na usiubane mfuniko kabisa, kwani hugeuka kuwa gesi ya kaboni dioksidi inayoweza kuwazimisha mlio garini.

Mwisho, nenda dukani na vipimo vya buti la gari, pamoja na nafasi ya mfuniko kufunguka. Angalia pia kizibo kitaelekea wapi. Kikielekea ukutani, itabidi ulishushe deli zima kila unapotaka kumwaga maji, na kufikia usiku wa tatu utakuwa umechoka kulishusha.