Denoise au Generative Fill: kinyonga wa Amani na paka wa Ngamiani

Kinyonga wa msitu wa Amani, kule Muheza, anakaa kwenye kivuli kizito. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha inajaa chenga, vile vidoadoa. Hapo Denoise, zana ya kuondoa chenga ndani ya programu ya picha ya Lightroom, iliyotoka 2023, inatosha. Ipe faili ya RAW, yaani picha ghafi ya kamera, chenga zinaondoka na magamba yanabaki. Ila usiivute hadi mwisho, ngozi itakuwa kama plastiki.

Generative Fill ya Photoshop, programu nyingine ya picha, haisafishi, inabuni: unapofuta kitu, inachora kingine mahali pake. Paka wako wa Ngamiani, Tanga mjini, kakaa mbele ya ndoo na kamba ya nguo? Vifute tu, nani atalalamika! Lakini ukimfutia kinyonga tawi lililoziba jicho, umemchorea jicho lisilo lake. Shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year, London, halikubali picha iliyoongezwa au kupunguzwa kitu.