Kisu cha mfukoni: kipi cha dogo, kipi cha mtu mzima, kipi cha mzee

Watu wakitaka kununua kisu cha kukunja wanaulizia bei, halafu wanauliza kimetoka nchi gani, hamna anayeanza na swali la maana kuliko yote, kwamba mtumiaji ana miaka mingapi. Natania nusu tu. Mtazame kijana wa miaka 20 na kisu chake kisha mtazame babu yake, kijana ana lidude jeusi lenye meno meno linafunguka kwa kidole kimoja, babu ana kisu kilicholiwa na kinoo mpaka ubapa umebaki mwembamba, anamenyea chungwa, anakatia kamba, basi. Tumezoea kusema mzee kapata busara. Mi naona sio busara bhana, ni vidole, macho na kazi. Kijana hana cha kukata lakini ana vidole vya chuma, mtu wa miaka 40 ana vitu kibao vya kukata na kufungua na kukaza, mzee ana embe lake na kucha zinazokatika hovyo.

Kwa hiyo hapa nimepanga kwa kigezo kimoja tu, kisu kitakaa na wewe miaka mingapi kabla mkono wako haujakikataa. Ukali siuhesabu, maana kisu chochote cha chuma cha maana ukikipeleka kwenye kinoo kitakata nyanya.

Namba 1: Opinel namba 8, na mdogo wake namba 7

Namba za Opinel ni saizi ya kisu. Ni kisu cha wakulima wa Savoie, kule milimani Ufaransa, Joseph Opinel alianza kukitengeneza 1890 na ukikiona leo utadhani ni kile kile. Mpini wa mbao, ubapa mmoja, na pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha kisu hakijikunji. Pete ililetwa 1955 na ndiyo imekifanya kiwe hapa namba moja, kwasababu za siku hizi inafunga pande zote mbili, kikiwa wazi na kikiwa kimekunjwa, yaani hakifunguki chenyewe mfukoni wala kwenye begi la shule.

Kwa mtoto kuna namba 7 ya watoto kabisa, ubapa wa sentimita 8, ncha imeviringwa na pete ya kufungia ipo. Mtoto anaumizwa na vitu viwili, ncha anayomchomea mwenzake bila kukusudia, na ubapa unaojikunja juu ya vidole vyake mwenyewe pale anaposukuma vibaya. Hapo vyote viwili vimeshughulikiwa. Na usimpe mtoto kisu butu ukidhani unamlinda, kisu butu kinataka nguvu na nguvu ndiyo inafanya kiteleze.

Sasa twende kwa mzee, hapa ndo Opinel anawaacha wenzake mbali. Visu vingi vya kukunja vina springi mgongoni, unaingiza ukucha kwenye kijishimo kwenye ubapa unavuta kushindana na hiyo springi. Ukiwa na miaka 25 hata hujui kama springi ipo. Ukiwa na 65, kucha zimekuwa kavu, vidole vimekakamaa asubuhi, hiyo springi inakuwa adhabu. Opinel hana springi kabisa, ubapa unashikiliwa na mbao tu, na kuna ujanja wa huko huko Savoie: unageuza pete ifunguke, unagonga kitako cha mpini juu ya meza, ubapa unachomoza kidogo, unaushika na vidole viwili unauvuta. Ukucha hauhusiki. Uzito wa namba 8 ni kama gramu 45, mfuko wa kanzu hauning'inii upande mmoja.

Kasoro ipo na sitaificha. Mbao inavimba. Uko Tanga, Unguja au Mombasa msimu wa masika, kisu kinaweza kugoma kabisa kufunguka, na mzee tuliyekuwa tunamhurumia ndo anateseka kuliko wote. Ukikipata kipya kikiwa kigumu kiache pakavu siku kadhaa, halafu pitisha msasa laini kwenye ule mfereji karibu na kiungo, paka mafuta ya kitani, kitalegea. Na ununue cha stenlesi, kimeandikwa Inox kwenye ubapa. Kile cha kaboni ni kitamu kukinoa, sikatai, ila kikikutana na ndimu au embe bichi kinageuka cheusi hapo hapo na hewa ya bahari inakimalizia kwa kutu. Mtu wa Mbeya au Nyeri anaweza kuchukua kaboni. Bei nayo ni ya kistaarabu, huko Ulaya namba 8 ya kawaida mara nyingi iko chini ya dola 25, mtu akikuletea anakula nauli tu.

Namba 2: Victorinox ya kati, Spartan au Cadet

Hiki kila mtu anakijua kwa sura, chekundu chenye msalaba. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na 1891 akaanza kulipelekea jeshi visu. Spartan ina urefu wa milimita 91, Cadet 84 na mpini wake ni wa alumini badala ya plastiki. Umri wake mi naweka miaka 14 hadi 55, na hapo katikati hakuna anayemgusa.

Kosa la vijana ni kutaka ile yenye vyombo vingi, msumeno, lenzi, ndoana, sijui nini. Chukua yenye safu chache. Kila safu inaongeza unene, na kisu kinene kinabaki droo ya kabati, cha droo hakikati kitu.

Watu wa pwani mara nyingi wananiuliza sasa kizibuo cha mvinyo cha Spartan mi cha nini wakati sinywi. Bhana hicho ndo chombo bora kwenye kisu kizima cha kufungulia fundo la kamba lililokaza, unaingiza ile ncha katikati ya fundo unazungusha kidogo linaachia. Halafu kuna kibisibisi kidogo sana kinauzwa pembeni, unakisokota ndani ya kizibuo kinakaa humo humo, na ni cha skrubu za miwani. Kijana hatoona maana yake. Subiri ufike 45 uanze kuvaa miwani ya kusomea, skrubu inalegea kila baada ya wiki, utakiheshimu kile kidude.

Kwanini sio namba moja? Springi. Ni nzuri, inapiga "tak" safi, lakini ndo hiyo hiyo mkono wa mzee unaikataa. Na hakina loki, kwa hiyo usikitumie kuchomea au kutobolea kwa nguvu, kitakukunjikia.

Ila kutokuwa na loki kuna faida kama ndugu yako yuko Uingereza na unataka kumpa zawadi, au yeye anataka kutembea nacho. Sheria ya kule inaruhusu kubeba hadharani bila kujieleza kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Spartan na Cadet zinapita. Opinel namba 8 haipiti, ina loki na ni ndefu. Na ukitaka mpwa wako apate Opinel namba 8 dukani huko England basi nenda mwenyewe, kisu cha aina hiyo chini ya miaka 18 hauziwi.

Namba 3: Spyderco, yule wa tundu

Hawa ni wa Golden, Colorado, na tangu 1981 wanaweka tundu la duara kwenye ubapa, unasukuma na dole gumba kisu kinafunguka kwa mkono mmoja. Delica ndo saizi ya kuanza nayo. Kwa fundi umeme aliye juu ya ngazi mkono mwingine umeshika waya, kwa bodaboda anayekata mpira wa kufungia mzigo, hamna kama hiki. Kina klipu, unakipachika ukingoni mwa mfuko hakizamii na funguo.

Watu wanadhani ni kisu cha ujana tu, mi sikubaliani. Mzee asiye na kucha anaweza kulibana lile tundu kwa vidole viwili akavuta, dole gumba likiwa linauma halihitajiki. Shida iko kwenye kukifunga, Delica loki yake iko mgongoni na inataka ubonyezwe kwa nguvu, kwa hiyo kabla hujampa mzee mwambie akifunge, sio akifungue. Kingine ni bei, iko juu, na sura yake inawatia watu wasiwasi. Ukikitoa kwenye harusi kumenya embe, meza nzima inanyamaza.

Namba 4: Victorinox Classic

Milimita 58, gramu 21 hivi, kinakaa kwenye funguo. Kimkasi chake ndo kisu chenyewe, ubapa ni nyongeza. Nakiweka chini ya hao watatu kwa sababu moja, vyombo vyake ni vidogo mno, baada ya 60 macho hayavioni na kucha haziviwezi. Ila kwa mwanafunzi wa chuo, dada wa ofisini, mama mwenye uzi unaoning'inia kwenye dera dakika tano kabla ya kutoka, nunua leo.

Namba 5: Leatherman Wave

Plaizi ya kukunja yenye visu ndani. Tim Leatherman alipata wazo akizunguka Ulaya na Mashariki ya Kati mwaka 1975 na gari la Fiat kuukuu lisiloisha kuharibika, akafungua kampuni na mwenzake Portland, Oregon, 1983, na Wave ikaja 1998. Ukijua ilizaliwa na gari bovu utaelewa ni ya nani. Ni ya mtu wa miaka 28 hadi 50, ana gari au pikipiki, ana nyumba, ana pampu ya maji inayozingua, ana watoto wanaovunja vitu. Kwa huyo ni namba moja, nimeishusha kwa sababu kabla ya hapo hana cha kuifanyia na baada ya hapo kuna fundi anapigiwa simu. Uzito gramu 240, inavaliwa kwenye mkanda, ukiiweka mfuko wa suruali ya kitambaa jiandae kwenda kwa fundi cherehani. Huko Marekani inazidi dola 100 na watengenezaji wanatoa dhamana ya miaka 25, kwa hiyo feki yake ya barabarani usiifananishe hata kidogo, plaizi ya feki inapinda kwenye nati ya kwanza.

Namba 6: Okapi

Hiki nakipenda kwa historia kuliko kwa matumizi. Kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, 1902, kwa ajili ya makoloni ya Mjerumani huku Afrika, na 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Mpini wa mbao una nyota na miezi ya bati, kinafunguka kwa mlio wa "kra kra kra" na kinafungwa kwa kuvuta pete mgongoni. Wazee wengi kusini mwa bara hili wamekitumia shambani maisha yao yote. Lakini ni chuma cha kaboni cha kawaida kinachokula kutu haraka, kinakuja butu lazima ukinoe mwenyewe kwanza, na kwa kijana ule mlio peke yake ni kesi, maana huko Afrika Kusini na mpaka Jamaika kina sifa ya wahuni. Mkulima wa miaka 50 anacho, hakuna anayemuuliza. Kijana wa miaka 19 anacho mfukoni usiku stendi, ataulizwa na polisi na jibu atakuwa hana.

Namba 7: lile jeusi lenye fuvu

Usinunue. Loki ni bati jembamba linaloteleza, na likiteleza ubapa unarudi kwenye vidole. Kama dogo kang'ang'ania basi angalau kijaribuni: kifungue, shika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa, bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza. Kikijikunja kiachie muuzaji.

Kwa Victorinox jaribio ni jingine. Kikunje, kiinue kwenye mwanga utazame mgongoni kati ya springi na safu, orijino hauoni mwanga ukipenya, feki ina mianya. Mzizi wa ubapa mkubwa uandikwe Victorinox na Swiss Made kwa herufi safi, sio msalaba tu kwenye plastiki.

Kuna jambo moja la wazee watu hawalisemi dukani. Kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mkato mdogo unatoa damu muda mrefu, na mwenye kisukari kidonda kinachelewa kupona. Huyo mpe chenye loki na ubapa mfupi, Opinel namba 6 ina sentimita 7 tu, na embe litakatika vilevile. Ukimpelekea kwa ndege kiweke kwenye begi la kukabidhi, sio la mkononi.

Na kama inawezekana nenda naye dukani. Mpe mwenyewe akifungue, akifunge, akifungue tena, wewe usimsaidie hata kwa kidole. Akikurudishia akisema "kigumu hiki" weka pale pale chukua kingine, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitalainika.