Kozi ya mapokezi na kumbukumbu za wagonjwa, Mtwara mjini: nilichokipata kwa ada yangu

Wadogo zangu wawili wameniuliza mwezi huu kama waende kusoma kozi niliyosoma mimi, nikaona niandike yote mahali pamoja. Chuo sitakitaja. Ni kozi fupi ya miezi mitatu, ya mapokezi ya hospitali, utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa na fomu za bima. Mimi nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi kwenye steshenari ya Chikongola, nataka kazi ya hospitali lakini sina alama za sayansi za kuniingiza uuguzi. Ada ilikuwa shilingi 350,000. Mama aliuza korosho, fedha za mnada zilipoingia akalipa nusu, nusu nyingine nikaimalizia kidogokidogo.

Nianze na kilicho bora, maana kipo, na ndicho kinanilisha leo.

Mwalimu wa kumbukumbu ni mama mstaafu aliyefanya kazi masijala ya hospitali kwa miaka mingi. Wiki ya kwanza hakutufundisha kompyuta hata kidogo. Alileta maboksi ya majalada matupu, kila moja na namba ya tarakimu sita, akatuambia tuyapange rafuni. Sisi sote tukaanza na tarakimu za mbele, kama tulivyozoea kuhesabu. Akayashusha yote. Hospitali yenye majalada maelfu inapanga kwa tarakimu mbili za mwisho: 04-17-62 linakaa kwenye rafu ya 62, ndani yake unatafuta 17, kisha 04. Kwa njia hiyo majalada mapya yanatawanyika rafu zote na watu hawabanani kona moja. Jalada likitoka, mahali pake panawekwa kadi yenye tarehe na jina la kliniki lilikokwenda. Tulirudia hilo siku tisa, mpaka mikono ikajua yenyewe. "Jalada lililowekwa rafu isiyo yake limepotea," alikuwa anasema, "hata kama limo humuhumu ndani."

Baadaye tulikwenda hospitali wiki nne kwa vitendo. Siku ya pili akaja bibi mmoja aliyevuka na kivuko kutoka Msangamkuu, kadi kaisahau nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimechoka, nitazamie tu hilo faili."

Akanitajia jina, nikaandika jina la ukoo kwa M, kama Kiswahili cha shule kinavyotaka. Halikuwepo. Kwenye kompyuta wakatokea watatu wenye jina lake la kwanza na la baba, hakuna anayetoka Msangamkuu. Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni, na rahisi kabisa ilikuwa kumfungulia jalada jipya. Nikakumbuka maswali ya mwalimu: kijiji, jina la mama mzazi, mara ya mwisho ulikuja kwa tatizo gani, na nitamkie tena jina polepole. Alipotamka nikasikia N. Huku kwetu mchele wengi wanautamka nchele, na karani wa zamani alikuwa ameandika alivyosikia. Jalada likapatikana. Juu ya kava, kwa wino mwekundu, paliandikwa asipewe penisilini.

Nilikaa na lile jalada mkononi kidogo kabla ya kulipeleka kwa daktari. Kuanzia siku hiyo sijawahi kufungua jalada jipya bila kutafuta kwa herufi zote mbili.

Somo la siri ya mgonjwa nalo lilifundishwa vizuri. Tulisomeshwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini zaidi tulizoezwa dirishani: namna ya kumuuliza mtu anakwenda kliniki gani bila aliye nyuma yake kusikia. Mji wetu si mkubwa. Anayetoka kuchukua dawa asubuhi, jioni mnakutana naye sokoni, na akijua ulitoa habari zake, hatarudi kutibiwa.

MTUHA, yaani vitabu na ripoti za takwimu za huduma za afya, tuliifanya kwa haraka mno kwa maoni yangu. Tulionyeshwa kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje na namba 12 cha leba, tukajumlisha kwa vijiti mara moja, basi. Kazini ndiyo inayokula siku zangu kila mwisho wa mwezi, kwa sababu ripoti inatakiwa ifike wilayani mapema mwezi unaofuata, na kosa moja la umri linaharibu safu nzima.

Sasa yaliyoniumiza.

Kompyuta zilikuwa 6, wanafunzi 24, na umeme ukikatika kipindi kimekwisha. GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za hospitali unaotumika kwenye vituo vingi vya serikali, tuliuona ukutani kupitia projekta. Nilijifunza kuutumia kule kwenye vitendo, kwa huruma ya karani aliyenikalisha kwenye kiti chake saa za chakula.

Kubwa zaidi ni cheti. Tangazo lilisema kinatambulika. Nilipoingia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kuomba nafasi ya kumbukumbu, walitaka astashahada au stashahada ya chuo kilichosajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Changu ni cheti cha chuo chenyewe, hakina ngazi ya NTA, yaani ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi. Niliporudi kuuliza, jibu nililopewa ni kwamba "kinatambulika na waajiri binafsi". Hilo ningeambiwa kabla ya korosho za mama kulipwa, huenda ningelipa vilevile, ila ningelipa nikijua. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, omba namba ya usajili ya chuo, uliza kozi yenyewe ipo ngazi gani, kisha hakikisha mwenyewe NACTVET. Kama lengo lako ni ajira ya serikali, usianzie hapa. Tafuta kozi ya kumbukumbu za afya inayoanzia NTA 4, hata kama ni ya miaka.

Kwa zahanati na vituo binafsi kozi inatosha kukufungulia mlango. Mimi nilipata kazi mwezi wa pili baada ya kumaliza, mapokezi na madai ya bima. Fomu za bima ndizo walizonijaribia siku ya usaili: wakanipa tano zilizojazwa, niseme ipi itarudishwa. Moja haikuwa na sahihi ya mgonjwa, nyingine ugonjwa ulioandikwa haukuendana na dawa iliyotolewa. Yote mawili tulikuwa tumeyafanya darasani, na kwa kituo kidogo madai yakikataliwa maana yake dawa imetoka na fedha haikurudi.

Ukiamua kwenda, chagua kundi la asubuhi, maana la jioni ndilo linalokutwa na umeme kukatika, na uombe kabisa uwe darasa la yule mama mstaafu. Yeye hafundishi makundi yote. Vitendo omba hospitali yenye masijala kubwa, usikubali kupelekwa duka la dawa kama walivyopelekwa wenzangu wawili.

Mimi naweka akiba ya kuanza NTA 4.