Harufu ya mzoga chini ya kibaraza: uzoefu wangu na watoa huduma wawili, Miyuji, Dodoma

Nyumba yetu ipo Miyuji, kwenye kiwanja chenye mteremko, na kwa sababu hiyo msingi wa upande wa mbele umenyanyuka zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Zege la kibaraza lilimwagwa juu ya mawe na kifusi ambacho hakikushindiliwa vya kutosha. Kifusi kikashuka, na chini ya zege pakabaki uwazi ambao mtu hawezi kuingia lakini paka anaingia bila taabu. Hilo sikulijua mpaka Oktoba mwaka jana.

Harufu ilianza sebuleni jioni moja. Siku ya kwanza tulilaumu sinki la jikoni, siku ya pili tukafungua chemba ya maji machafu na kuikuta haina neno, na siku ya tatu, jua lilipokuwa kali, hapakuwa tena na cha kubishania: ule ulikuwa mzoga. Kilichotuchanganya ni upepo wa huku kwetu. Ukivuma kutoka mbele, harufu inajaa chumba cha watoto kilichopo nyuma kabisa ya nyumba. Ukitulia, inarudi sebuleni kama vile haikuwahi kuondoka.

Kwanza niliita kampuni ya kupulizia dawa, ambayo sitaitaja jina. Walikuja vijana wawili kwa wakati waliouahidi, wamevaa vizuri, wakiwa na pampu za mgongoni, na wakanipa risiti ya mashine ya shilingi 150,000. Katika hayo sina malalamiko. Walipuliza sebule, korido na kuta zote za nje kwa muda usiozidi dakika arobaini, kisha mmoja akaniambia, "Mama, hii kesho huisikii tena." Hakuna aliyeniuliza mzoga uko wapi. Kwa siku mbili nyumba ilinuka limau na mzoga kwa pamoja, na nakiri kwamba limau ndilo lililonishinda zaidi. Nilipowapigia, nilijibiwa kwamba awamu ya pili inalipiwa upya.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo huduma ya namna hii inapokosea. Harufu hiyo inatoka kwa bakteria wanaovunjavunja nyama na kutoa gesi, zikiwemo zile ambazo wanakemia wanaziita putresini na kadaverini, na maadamu nyama ipo mahali pake, gesi itaendelea kutoka hata ukipuliza pipa zima la manukato. Kungoja nako kunawezekana, kwa kuwa panya mdogo kwenye joto na ukavu wa Dodoma hukauka mapema, lakini mnyama mkubwa kidogo anaweza kuwakalisha nje kwa majuma.

Jirani yangu, mama mmoja tunayenunua naye mboga genge moja, ndiye aliyenielekeza kwa mzee anayechimba mashimo ya vyoo. Mzee alichelewa siku nzima bila kupiga simu, jambo lililonikera sana. Alipofika ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, akapiga hodi getini kwa "Mbukwenyi!" na kabla sijamaliza kuitikia akaeleza kwamba ameiwahi saa hiyo makusudi, kwa sababu upepo ukishaanza pua haisaidii kitu.

Hakupuliza chochote. Alitembea taratibu kando ya msingi, akiinama kwenye kila ufa, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama nzi. Baada ya kama robo saa aliniita. "Mwanangu, wale wa kijani waone wanapoingilia." Kweli, nzi wakubwa wenye kung'aa walikuwa wakiingia na kutoka katika tundu moja tu, lililo pembeni mwa bomba la maji ya sinki, ambalo fundi wetu aliliacha bila kuliziba. Tundu lilikuwa na upana wa kiganja changu.

Alitoa matofali mawili ya msingi kwa patasi na nyundo, akamulika tochi, na hapo tukamwona: paka wa rangi ya majivu, si wetu, amelala kifusini kama hatua mbili kutoka ukutani. Mzee aliwaondoa watoto kwanza, akisema viroboto huhama mwili ukishapoa na kutafuta mwingine. Alivaa glavu na barakoa, akamlowesha paka kwa Jiki niliyoichanganya, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha akamvuta kwa kipande cha nondo kilichokunjwa ncha kama ndoana na kumtia kwenye mifuko miwili. Alizikwa mwisho wa kiwanja, kwenye shimo la futi tatu.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini yeye aliendelea kukwangua udongo wote uliolowa, karibu karai mbili, kwa maelezo kwamba maji ya mzoga hunuka kuliko mzoga wenyewe. Mimi nilikuwa nimenunua mfuko mzima wa chokaa. Alitumia makopo mawili tu, akasema chokaa inatuliza harufu lakini haiozeshi kitu. Uwazi uliachwa siku mbili ukipitisha hewa, umefunikwa kwa wavu wa chuma, ndipo akarudi kuuziba kwa saruji pamoja na lile tundu la bomba.

Alinitoza shilingi 40,000, vifaa nikinunua mwenyewe. Siku ya tatu harufu ilikuwa imebaki kwa mbali, na kufikia siku ya sita hata mume wangu, ambaye pua yake haisamehe, hakuisikia. Kasoro zipo: hakuna risiti, kifusi aliniachia mlangoni, na kiraka chenyewe kimekaa upande.

Kuhusu kilichomuua paka sina uthibitisho, ila jirani wa nyuma alikuwa ametega sumu ya panya juma lililotangulia, akiwa ameambiwa na muuzaji kwamba panya akila hukimbilia nje kutafuta maji. Sumu nyingi za aina hiyo huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa popote alipo, ikiwemo mdomoni mwa paka. Nimemweleza, sasa anatumia mtego wa chuma.

Mume wangu anataka kile kiraka kipigwe plasta upya. Nimemwomba asubiri kwanza mvua za Desemba, nione kama maji hayapenyi.